Leteni Kitu Rahisi Tu

Mtu anayekuomba ulete "kitu rahisi tu" kwa kawaida si yeye atakayesimama jikoni. Nimeliona hilo misibani, nimeliona kwenye vikao vya harusi, na sasa nimeliona kwenye elimu ya msingi. Ujumbe ulioingia kwenye kundi la WhatsApp la wazazi wa darasa la tatu ulikuwa na maneno hayo hayo mwishoni, baada ya salamu, baada ya kukumbushwa ada, na kabla ya ile mikono miwili iliyofumbatana. Ijumaa ingekuwa siku ya ujasiriamali. Kila mtoto aje na vitafunwa vya kuuza, na fedha zitakazopatikana zinunue vitabu vya maktaba. "Wazazi msijisumbue, kitu rahisi tu."

Ilikuwa Februari 2024. Aliyekuwa Dar es Salaam mwezi ule hahitaji maelezo zaidi, ila kwa faida ya waliokuwa mbali niseme kidogo. Mvua za El Niño zilikuwa zimeanza mwaka uliotangulia na hazikuonyesha nia ya kuondoka. Mashamba ya miwa yalijaa maji, miwa haivuniki, na sukari ikaadimika. Serikali ikatangaza bei elekezi isiyozidi 3,200 kwa kilo. Mangi wetu wa Tabata aliisikia bei hiyo redioni tukiwa wote tumesimama dukani kwake, akatikisa kichwa kukubaliana na Serikali, kisha akaendelea kuuza 4,500. Umeme nao ulikuwa wa mgao. Mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji ndio kwanza ulikuwa unawashwa mwezi huo, na huku mtaani tulikuwa bado tunapangiana saa za kuonana. Yaani shule ilitafuta mwezi usio na sukari wala umeme, ikautumia kutuomba keki.

Kwenye kundi mzazi mmoja aliwahi: "Mimi bisi." Kufumba na kufumbua nusu ya darasa ilikuwa bisi. Siwalaumu. Kikombe kimoja cha mahindi kinajaza sufuria ya ukoo, mafuta ni vijiko, chumvi ipo, na gharama yote haifiki nauli ya bajaji. Ubaya wa bisi ni kwamba kila mtu anajua hayo. Mwenyekiti wa kamati ya wazazi, mama ambaye hata akiandika unaisikia sauti ya kikao, alitukumbusha kwamba ujasiriamali ni ubunifu, na kwamba bisi zimetosha. Baba mmoja ambaye huwa haonekani mpaka siku ya matokeo akaandika: "Soda je?" Hakujibiwa. Mama mwingine akatuma picha ya keki ndogo zenye krimu ya bluu na nembo ya shule juu yake, akasema yeye ataleta hizo, atazitengeneza harakaharaka akitoka kazini. Kundi zima likanyamaza kwa heshima. Ndipo mwalimu wa darasa alipoongeza kwamba yuko mtoto anayedhurika na karanga, kwa hiyo chochote chenye karanga kibaki nyumbani. Hapo ziliondoka kashata za karanga, karanga za kukaanga, karanga za mayai na biskuti za karanga, karibu kila kitu ambacho mwanamume anaweza kukipika bila kumpigia mtu simu.

Naam, mwanamume. Mama watoto alikuwa Dodoma kwenye semina. Aliniachia maelekezo ya kila jambo: dawa ya minyoo, soksi za michezo, ufunguo wa stoo. Siku ya ujasiriamali ilitangazwa basi lake likiwa limeshapita Chalinze. Nilipompigia alisema, "Mwambie mama akusaidie," kisha mtandao ukakata, au ukakatwa.

Kabla ya kumfikia huyo mama, nilijaribu kujitegemea. Niliingia mtandaoni kutafuta vitafunwa vyepesi, na vipo vingi mno, vyote vya dakika 20. Nimeshaelewa dakika hizo zinahesabiwaje. Zinaanza pale ambapo unga umeshachekechwa, nazi imeshakunwa, mchele umeshachambuliwa mawe na mkaa umeshakolea. Mkaa uliolala stoo msimu wa mvua, hebu uwashe kwanza, halafu tuzungumze habari ya dakika. Tena karibu kila pishi lilifungua kwa amri ile ile: washa oveni nyuzi 180. Oveni tunayo. Ndani yake mna sufuria ya pilau, chujio la tui, karatasi ya udhamini ya jiko lenyewe na mfuko uliojaa mifuko. Sijawahi kuingia nyumba ya Tabata nikakuta oveni isiyotunza vyombo. Hata ningeipakua mizigo yote hiyo, ningeiwasha kwa nini?

Najua wapo wanaooka kwa mkaa. Jirani yetu huweka sufuria ya keki ndani ya sufuria kubwa yenye mchanga, makaa chini, makaa juu ya mfuniko, na keki inatoka imeiva pande zote. Aliwahi kunifundisha. Ujuzi wote, nilichokiona mimi, uko kwenye kujua saa ya kuondoa makaa ya juu, na kuinua mfuniko bila kuuinamisha. Keki ya mafunzo ilipata jivu kidogo. Tuliila usiku, taa zikiwa zimezimika, na kila mtu alisifia iliki.

Nikarudi kwa mama mkwe.

Mama mkwe wangu alikuwa amekuja kutusalimia kutoka Pangani, na hakuja mikono mitupu. Alikuja na kiroba cha nazi. Lakini kwa malezi yangu mtu na mama mkwe wake hawakai jikoni pamoja. Mnasalimiana macho chini, mkwe anatafuta sababu ya kutoka nje, na jambo refu likitokea linapitia kwa mtu wa tatu. Yeye naye amelelewa hivyo hivyo. Katika nyumba yenye jiko moja lenye upana wa hatua chache, heshima ya namna hiyo inahitaji mratibu, na mratibu wetu alikuwa binti yangu wa miaka tisa, ambaye ndiye pia mwenye kutakiwa kupeleka vitafunwa shuleni. Alikuwa na maslahi.

"Mwenzangu," bibi alimwambia akiwa amegeukia dirishani, "muulize baba yako anataka kupika nini."

"Baba, bibi anauliza unataka kupika nini."

"Mwambie bibi, chochote kilicho rahisi."

"Bibi, baba anasema…"

"Nimesikia. Mwambie visheti."

Visheti ni rahisi kwa mtu aliyevipika tangu utotoni. Vipimo vyake vilinifikia kwa mdomo wa mtoto: unga kiasi, samli kiasi, tui mpaka unga ukubali. Nikauliza ukubali nini. Mratibu akaenda, akarudi: "Anasema utajua." Kisha kuna kukata, kuna kufinya kila kimoja kwa vidole, kuna kukaanga kwa moto usiowahi, halafu kuna shira ya kuvigeuzia mpaka igande juu yake. Nilipiga hesabu ya mafuta, unga na sukari ya Mangi, nikaona ni afadhali kuchangia maktaba fedha taslimu.

Nikapendekeza vitumbua. Mchele tunao, nazi zipo, sukari inayotakiwa si nyingi. Tukaloweka mchele, tukawahi kuusaga na tui na iliki kabla ya zamu yetu ya giza, nikatia hamira. Bibi alikuwa anapita koridoni.

"Mwambie baba yako hamira imezidi."

"Mwambie bibi, nimefuata paketi."

Ukapita muda kidogo. "Mwambie paketi imeandikwa na watu wa baridi."

Usiku ule joto lilikuwa lile la kabla ya mvua, ambalo shuka linakushika. Hamira haihitaji zaidi ya hapo. Nilikuwa nimeufunika mchanganyiko kwenye ndoo, nikaweka na sahani juu ya mfuniko kwa ajili ya panya. Wakati fulani usiku nilisikia sahani ikianguka nikadhani ni panya wenyewe. Asubuhi mfuniko ulikuwa umekaa upande, uji mweupe umeteremka ubavuni mwa ndoo, umevuka sakafu ya jiko na kutoka hadi koridoni, na ulipokomea palikuwa na kandambili za mama mkwe, zote mbili. Kwa adabu hakuna aliyelitaja jambo hilo. Nilipofika na dekio kandambili zilikuwa zimeshaoshwa na kuanikwa. Ila wakati wa chai nilimsikia akimwambia mjukuu wake, "Mwenzangu, usiku tulipata mgeni. Hata hodi hakubisha."

Vilivyobaki tulivichoma, vikawa vitamu, vikatutosha sisi. Vitumbua, kwa taarifa ya wazazi wenzangu, havifai kuuzwa shuleni hata vikitii. Vinatakiwa viliwe vya moto, na mtoto anayepanda gari la shule saa kumi na mbili asubuhi anataka uwe umeanza kuvichoma saa tisa.

Alhamisi jioni bibi alichoka kusubiri. Aliinuka, akaenda kwenye ndoo ya unga wa sembe, akazamisha mkono hadi kiwiko, akaibuka na kilo mbili za sukari. Mama watoto alikuwa ameificha humo kabla ya kusafiri, na mama yake akajua bila kuambiwa, kwa sababu na yeye huficha humo humo. Siku zote hizo nilikuwa nakunywa turungi bila sukari kwa ajili ya hali ya taifa.

"Mwambie baba yako akune nazi. Kashata."

Sasa ndiyo nikaona kitafunwa huchaguliwaje. Mimi nilikuwa nazunguka mtandaoni kutafuta pishi halafu nitafute vitu vyake. Yeye aliangalia kilichomo ndani, nazi na sukari, akabaki na jambo moja tu linalowezekana.

Mbuzi ya kukunia nazi ilibuniwa na mtu mfupi asiye na haraka. Nilikaa juu yake magoti yakiwa karibu na masikio. Mama mkwe aligeuza kigoda chake akatazama ukuta, maana mkwe akipanda mbuzi si vizuri kumwangalia, na kutoka pale ukutani aliisimamia kazi yote kwa masikio. Nazi ikiwa bado ina nyama, meno ya mbuzi yanatoa sauti laini, ya kunong'ona. Yakikaribia kifuu sauti inakauka. Mimi sikuisikia tofauti hiyo mpaka nilipoambiwa. Yeye aliisikia akiwa amenipa mgongo. "Mwambie baba yako ameshafika kwenye kifuu, ataniletea weusi." Nikatazama sahani, na kweli chembechembe za kahawia zilikuwa zimeanza kuingia kwenye nyeupe.

Kwenye shira tulitofautiana kitaalamu. Simu ilisema sukari na maji vichemke mpaka nyuzi 115. Kipimajoto tulichonacho ni cha kwapani, mwisho wake 42. Bibi aliagiza bakuli la maji ya baridi. Akachota shira kwa ncha ya kijiko, akadondosha tone. Likatawanyika na kupotea. Akasubiri, akizungumza na mjukuu habari za watu wa Pangani ambao hatuwajui. Akadondosha lingine, likazama likiwa limekaa lakini likalegea alipolishika. Povu kwenye sufuria lilikuwa limeanza kuwa zito, mapovu makubwa yanapasuka taratibu. Tone la baadaye lilizama, akaliingilia kwa vidole viwili, akalifinyanga likawa gololi laini. "Sasa." Hakusema mwambie baba yako. Hakukuwa na muda wa itifaki.

Nazi ikaingia, iliki ikaingia, chumvi chembe. Hapo unakoroga bila kubadilisha mkono, na sharti ujue kwamba kashata ina dakika yake. Ukiwahi kuiepua haitashika, utaila kwa kijiko. Ukichelewa itakuwa mchanga. Dalili ni pale mchanganyiko unapoacha kung'ang'ania pembeni mwa sufuria, unabingirika wote kwa pamoja kufuata mwiko. Tukamimina kwenye sinia lililopakwa mafuta, nikasawazisha kwa kitako cha glasi, nikachukua kisu ili nikate mshazari kabla haijakauka, na taa zikazimika.

Zamu yetu ilikuwa saa mbili. Ilikuwa saa mbili kasoro. Binti yangu akawasha tochi ya simu, lakini alikuwa anataka kuona sura ya bibi yake gizani, basi mwanga ulikuwa unakuja kwenye sinia na kuondoka. Nilikata kwa kukumbuka. Asubuhi bibi alifunua, akatazama vipande virefu, vifupi, vya pembe tatu na kimoja chenye pembe ambazo sina hakika zina jina, akasema, "Mwambie baba yako kila kimoja kimezaliwa na mama yake."

Kufungasha nako kulileta mjadala. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, na ile mbadala ya kitambaa haizuii utamu usipite. Bibi alitoka uani na kisu, akarudi na majani ya mgomba wa jirani, akayababua juu ya moto mpaka yakalainika na kung'aa, akapanga kashata tabaka kwa tabaka ndani ya beseni. Kisha akavaa baibui. Hatukuwa tumezungumza habari ya yeye kwenda.

Gari la shule lilishapita. Tukaita bajaji. Mvua ilikuwa ya kumwaga, maturubai yameshushwa pande zote, ndani kuna joto la pumzi zetu. Kukaa kiti kimoja na mama mkwe haiwezekani, kwa hiyo bibi na mjukuu walikaa nyuma kwa nafasi, na mimi nikabanana na dereva mbele, ubavu mmoja nje, beseni mapajani. Sukari ina tabia ya kunyonya unyevu wa hewani. Hata bila ya kuambiwa na kitabu, mtu wa Dar anaiona kila siku kwenye kopo lake la sukari. Mle ndani ya bajaji kashata zilianza kutoka jasho. Nilisikia beseni likiwa zito kwa namna nyingine. Tulipofika na kufunua jani la juu, vile vipande vyote vya mama tofauti vilikuwa vimeungana. Tulikuwa na kashata moja.

Shuleni meza zilikuwa zimepangwa chini ya hema, na Mwenyekiti naye alikuwa ametangaza bei elekezi: kila kitafunwa 1,000, ili kusiwe na ushindani usiofaa. Bisi zilikuwa zimekaa kimlima. Punje ya bisi hupasuka kwa sababu ya maji kidogo yaliyofungiwa ndani yake, na ikishapasuka adui yake ni maji hayo hayo yakiwa nje. Asubuhi ile hewa yote ilikuwa maji. Niliitafuna moja kwa kuunga mkono. Haikutoa sauti yoyote.

Zile keki za nembo zilifika, zikiwa hazina nembo wala krimu ya bluu. Zilikuwa keki nzuri tu za kawaida, zimepangwa kwenye chombo cha nyumbani. Mtoto mmoja wa darasa la pili, anayesoma vizuri kuliko mahitaji, alinunua moja, akaigeuza, akaona kikaratasi chini akakisoma kwa sauti ya darasani: "Shilingi mia nane." Mama yule alijifanya anatafuta kitu kwenye pochi. Mimi nilimwonea huruma, maana ukipiga hesabu, kununua kwa 800 na kuuza kwa 1,000 ndio ujasiriamali pekee uliofanyika pale. Sisi wengine wote tulikuwa tumeshapata hasara kabla ya kengele ya kwanza.

Kilichokwama hasa ni chenji. Watoto walikuwa wa aina mbili. Kuna waliopewa sarafu ya 500, ile yenye nyati, na kuna waliopewa msimbazi mzima na wazazi waliokuwa na haraka. Wenye nyati hawakufikia bei elekezi. Wenye noti ya tembo walifikia, lakini tembo mmoja ni nyati ishirini, na kwenye hema lile hapakuwa na nyati ishirini. Foleni ikasimama. Mwalimu wa zamu alikuwa anatembea na noti mkononi akiuliza meza moja baada ya nyingine. Aliyekuwa anauza bila tabu ni yule baba wa "Soda je?" Alikuwa amekwenda zake Kariakoo bila kumwambia mtu, akarudi na mbegu za ubuyu, akazichanganya na shira nyekundu na pilipili manga, akafunga kwenye vikaratasi vya mia mbili mbili. Bei elekezi hakuisikia, au aliisikia Mangi alivyoisikia. Ubuyu uliisha kabla ya saa nne. Ndimi zote zilikuwa nyekundu, na mashati meupe ya sare yalikuwa na alama za vidole ambazo nina hakika bado zipo.

Bibi alilitazama beseni letu, akatazama foleni. Akaomba kisu, akaambiwa shule hairuhusu visu. Akaomba chochote cha chuma. Mwalimu wa hisabati akampa rula.

Nilidhani atajaribu kurudisha vile vipande. Hakujaribu. Mtoto wa kwanza alikuja na nyati, bibi akaweka rula juu ya kashata, akaisogeza, akabonyeza, akamkatia cha nyati. Wa pili alikuwa na mia mbili. Akamkatia cha mia mbili. Mwingine alikuwa na mia tu, akamkatia cha mia na makombo. Mwenye msimbazi akaambiwa aite wenzake waungane. Hakuna aliyehitaji kurudishiwa kitu. Mwenyekiti alikuja kueleza habari ya bei moja kwa wote, akamkuta mtu mzima, akaanza na shikamoo, akajibiwa marahaba na kupewa kipande cha kuonja, na akaondoka akitafuna. Watoto wa meza nyingine walianza kumletea bibi sarafu ili awasaidie chenji. Mwalimu wa hisabati alisimama pembeni akiitazama rula yake.

Nje ya geti, chini ya mwavuli, alikuwepo mama anayeuza embe mbichi za chumvi na pilipili, kipande mia mbili. Yupo pale kila siku, mvua na jua. Siku ile aliuza kupitia kwenye nondo za geti kuliko siku zote, kwa sababu wengi waliokosa chenji ndani walikwenda kwake, na chenji anayo, kwenye kitambaa alichofunga kiunoni. Aliona watoto wanarudi getini na kitu cheupe ambacho hakukiuza yeye. Embe zilipomwishia aliomba mlinzi amfungulie, akaja moja kwa moja kwenye meza yetu na beseni lake tupu, akapiga goti dogo, "Shikamoo bibi," akamega pembe ya kashata akaila kwa makini ya mtu wa biashara.

Walizungumza muda mrefu, vichwa vimeinamiana. Nilisikia "jumla", nikasikia "rejareja", nikasikia bibi akisema kwamba sukari kwa bei ya sasa haiwezekani, na mwenzake akijibu kwamba kuna mtu anamfahamu Buguruni. Wakapeana mikono. Binti yangu, aliyekuwa amekaa kati yao muda wote huo, akaja mbio nilipokuwa nimesimama na jani la mgomba.

"Baba, bibi anasema Jumatatu zinatakiwa nazi ishirini, zimekunwa. Na anasema ukifika kwenye kifuu usiendelee."